Kava la Mbele la Pikipiki kwa Safari za Mtwara, Lindi na Masasi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa na mipaka yake

Uchambuzi huu unahusu kazi moja ya kuunda kava la mbele la pikipiki, pamoja na kioo chake, kwa ajili ya mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Mtwara, Lindi na Masasi. Majina, mahali pa kazi na alama za chombo vimeondolewa. Mwenye pikipiki anaitwa hapa Mkaguzi, na aliyeunda kava anaitwa Fundi. Mwandishi alishirikishwa katika upimaji, si katika uundaji. Vipimo vinavyotajwa ni vya chombo hicho kimoja na mwili wa mtu huyo mmoja, hivyo havifai kunakiliwa kama vilivyo. Kinachofaa kuchukuliwa ni namna vilivyopatikana.

Usuli

Mkaguzi hukagua maghala na vitabu vya vyama vya msingi vya wakulima wa korosho. Msimu wa mauzo, ambao kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba, humweka barabarani karibu kila siku. Katikati ya mwaka husafiri tena kuhakiki mgawo wa pembejeo, hasa salfa ya kupulizia mikorosho. Pikipiki yake ni ya cc 150, silinda moja, ya aina ileile wanayoitumia madereva wengi wa bodaboda, na injini yake hupozwa na upepo peke yake. Mbele haikuwa na kinga yoyote isipokuwa kibao kidogo kinachozunguka taa. Yeye mwenyewe ni mtu mrefu, hukaa wima, na hupenda mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa kwenye lami.

Njia yake kuu hutoka Mtwara, hupita Mikindani na kufika Mingoyo, ambako barabara ya kwenda Lindi mjini hutengana na ile inayokata kusini-magharibi kupitia Ndanda hadi Masasi. Mwelekeo wa barabara hizi una uzito katika kisa hiki. Upepo wa kusi, unaotawala pwani yetu takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Anayetoka Mtwara kwenda Mingoyo husukumwa nao kwa nyuma, lakini anayerudi Mtwara hukabiliwa nao usoni kwa mshazari, upande wa kulia. Kati ya Mingoyo na Masasi upepo huohuo humpiga ubavuni, kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi. Kwa hiyo safari moja ya kwenda Masasi na kurudi humpitisha msafiri katika upepo wa nyuma, wa ubavuni na wa mbele, na kava lililoundwa kwa kufikiria upepo wa mbele peke yake lingemfaa kwa sehemu ndogo tu ya njia.

Malalamiko yake ya awali yalikuwa matatu. Shingo na mabega vilimuuma baada ya safari ndefu. Vumbi na wadudu vilimwingia machoni kila alipofungua kioo cha helmeti kwa sababu ya joto. Tatu, kifua kilichoka kwa kusukumwa na upepo, na hasa kwa kukaza mikono ili asitupwe nyuma. Lalamiko hili la mwisho lina hesabu yake. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: anayetoka kilomita 60 kwa saa hadi 80 huongeza mwendo kwa theluthi moja tu, lakini msukumo wa upepo huongezeka kwa takriban asilimia 78. Mtu aliyekaa wima juu ya pikipiki ndogo, kwa mwendo wa 80 na katika hewa iliyotulia, hupambana yeye na chombo chake na msukumo unaokadiriwa kuwa sawa na uzito wa kilo 15 hadi 20. Kusi likimkabili kwa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa 80 huwa kwa upande wa hewa kama mwendo wa 100, na makadirio hayo hupanda kwa zaidi ya nusu.

Joto lenyewe halikuwa miongoni mwa malalamiko hayo, lilitajwa tu kama sababu ya kufungua helmeti, na hapo ndipo kazi ilipotaka kupotea njia. Upepo uliomchosha ndio huohuo uliokuwa ukimpoza, na hakuna aliyeliwaza hilo kabla ya kuuziba.

Kioo kirefu cha kwanza

Kabla ya kumfikia Fundi, Mkaguzi alikuwa ameshatengenezewa kioo na fundi mwingine wa mjini. Kilikuwa kipande kirefu cha akriliki, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, kilichofungwa kwenye usukani kwa klampu mbili, ukingo wake wa juu ukifika usawa wa macho. Kwa macho kilionekana kinga kamili. Barabarani kilimpunguzia msukumo wa kifua papo hapo, na kwa mwendo wa mjini alikisifu.

Kwenye lami ndefu mambo yalibadilika. Kuanzia mwendo wa 65 hivi helmeti ilianza kutikisika, mtikisiko wa haraka wa huku na huku ambao ulifanya alama za barabarani zionekane kwa ukungu. Kelele masikioni iliongezeka badala ya kupungua. Mgongoni alihisi kama mtu anamsukuma mbele, jambo alilolieleza mara nyingi bila kuaminiwa. Alipopishana na malori ya saruji na ya korosho, usukani ulivutwa na kuachiwa ghafla. Na kwa kuwa hewa haikupita tena kifuani, alitoka jasho jingi hadi akafungua kioo cha helmeti, vumbi likarudi palepale.

Akriliki ile ilipasuka kwenye tundu la bolti katika barabara ya vumbi. Wala hakuisikitikia.

Uchunguzi kabla ya kuunda

Fundi aliyempokea baada ya hapo si fundi wa pikipiki. Kazi yake ni kukarabati boti za fibaglasi za wavuvi, na amezoea kutazama maji yanavyopita ubavuni mwa chombo. Mkaguzi alifika na picha ya pikipiki kubwa ya masafa aliyoiona kwenye simu, akitaka umbo lile lile. Fundi aliitazama, akamrudishia simu. “Hilo ni la chombo hicho, mwanangu. Kwanza nione upepo wako unapita wapi.” Mkaguzi akamjibu, “Mzee, upepo hauonekani.” Jibu la Fundi lilikuwa kuomba nyuzi za sufu.

Walikata vipande vya sufu nyekundu vyenye urefu wa kama kidole, wakavibandika kwa utepe kwenye helmeti, mabegani, mikononi, kifuani, kwenye tenki na pande zote mbili za kichwa cha injini. Gari dogo lilitembea sambamba na pikipiki, mtu aliyekaa kiti cha nyuma akipiga video kwa simu. Ilichaguliwa sehemu iliyonyooka, asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaamka, na kila jaribio lilifanywa kwa kwenda na kwa kurudi ili upepo uliokuwepo usipotoshe tafsiri. Uzi uliolala umenyooka ulionyesha hewa inayopita kwa utulivu. Uliozunguka ovyo ulionyesha mvurugiko. Uliogeuka na kuelekea mbele ulionyesha kwamba hewa inarudi nyuma kinyume cha safari.

Kisha kioo kirefu kiliigwa kwa kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka kwenye pipa la bluu, kikafungwa mahali pale pale pa zamani. Nyuzi za kifuani zilisimama kuelekea mbele, na za mabegani na helmeti zikazunguka kama zimechanganyikiwa. Maana yake ilikuwa wazi. Nyuma ya kioo kipana kisicho na tundu hubaki nafasi yenye kanieneo ndogo, yaani mgandamizo mdogo wa hewa. Hewa inayopita juu na pembeni huvutwa kuijaza, hugeuka, na humfikia mpanda pikipiki kutoka nyuma ya mabega yake. Kile alichokiita kusukumwa mgongoni kilikuwa hewa halisi. Mvurugiko unaong’oka kwenye ukingo wa juu nao hautoki kwa mfululizo sawa. Hutoka kwa mapigo ya kupokezana, na helmeti iliyo katika njia ya mapigo hayo hutikisika.

Plastiki ya pipa ikawa ndiyo kifaa kikuu cha utafiti. Ilikatwa ukingo kidogo kidogo, ikainamishwa, ikatobolewa chini, na kila badiliko likapigwa video. Majaribio ya kipande hiki yalizuiwa yasizidi mwendo wa 60, kwa kuwa ufungaji wake ulikuwa wa muda na kung’oka kwake barabarani kungekuwa hatari kwa wengine pia.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mahali pa kushikiza, na uliamua mengine mengi. Kioo kilichofungwa kwenye usukani hugeuza kila mpigo wa upepo kuwa amri ya kukata kona. Ndiyo sababu Mkaguzi alihisi kuvutwa alipopishana na malori. Ikaamuliwa kwamba kava lishikwe na fremu kupitia breketi inayokumbatia shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na mkono wa pili unaoshuka kwenye bomba la mbele la fremu. Uchomeleaji kwenye fremu ulikataliwa kabisa, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma chembamba sehemu inayobeba mzigo wote wa gurudumu la mbele. Zikatumika klampu za nusu mbili zenye raba ndani.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba usukani na taa hugeuka, ilhali kava limesimama. Njia moja ilikuwa kuihamishia taa kwenye kava, jambo ambalo lingehitaji kurefusha nyaya na kuweka upya mwelekeo wa mwanga. Wakaiacha taa mahali pake na kukata dirisha pana kuizunguka, pana kiasi cha kuiruhusu igeuke hadi mwisho bila kugusa. Pengo hilo lililobaki baina ya taa na kava, ambalo mtu wa urembo angelichukia, liligeuzwa kuwa mlango wa hewa. Hewa inayoingia hapo huongozwa na paa dogo la ndani hadi kwenye upenyo ulioachwa kati ya kava na mguu wa kioo, wenye upana wa milimita 25 na urefu wa sentimita 22, kisha hupanda nyuma ya kioo kuelekea kifuani. Upenyo huu ndio uliokuwa moyo wa kazi yote. Hujaza ile nafasi yenye kanieneo ndogo, hivyo hewa ya juu na ya pembeni hukosa sababu ya kugeuka. Na wakati huohuo humpelekea mpanda pikipiki upepo wa kumpoza, uliopunguzwa kasi. Kwa ajili ya mvua uliwekewa kifuniko cha kuteleza.

Urefu wa kioo uliamuliwa kwa kumkalisha Mkaguzi juu ya pikipiki akiwa na helmeti, na wenzake wawili wakiishika isimame wima. Fundi alitaka mtazamo wa barabara upite juu ya ukingo, si kupitia kioo, kwa sababu kioo chenye matone ya mvua au vumbi la udongo mwekundu, na taa za lori zikija mbele usiku, hakionyeshi kitu. Ukingo ukawekwa usawa wa juu ya mabega, chini sana kuliko ule wa akriliki. Hapa Mkaguzi alisita; aliona analipia kioo kinachomkinga kidogo kuliko cha kwanza. Aliposhawishika ni pale alipoonyeshwa video mbili, moja ya kioo kirefu na nyingine ya kifupi chenye upenyo, na nyuzi za helmeti katika ile ya pili zikiwa zimelala. Hewa iliyompiga helmeti ilikuwa na nguvu zaidi, lakini ilikuwa safi, na shingo ya mtu huvumilia msukumo ulio sawa kuliko mtikisiko.

Mwisho wa ukingo ulikunjwa juu kidogo kama mdomo, ili mkondo uruke juu zaidi kabla ya kufika kichwani. Mdomo ule uliongeza kinga bila kuongeza urefu unaozuia kuona.

Uamuzi uliobaki ulikuwa wa upande wa chini. Mkaguzi alitaka kava lishuke hadi magotini ili kuzuia matope. Fundi pamoja na mwandishi walipinga. Injini ya kupozwa na upepo hutegemea hewa inayopita kati ya mapezi, yaani mbavu nyembamba za chuma za kupozea, ya silinda na kichwa chake, na kava linaloshuka chini ya shingo ya fremu huificha. Hata watengenezaji wakubwa hawakulichukulia hili kwa wepesi: BMW ilipotoa pikipiki yake ya R100RS mwaka 1976, kava lake lilipimwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupimia mkondo wa hewa, la kampuni ya Pininfarina huko Italia, na silinda zake mbili ziliachwa zitokeze nje kwenye mkondo wa hewa. Kava la Mkaguzi likaishia juu ya kichwa cha injini, na ukingo wake wa chini ukainamishwa ili uisukume hewa kuelekea kwenye mapezi badala ya kuitawanya.

Sababu nyingine ya kulifanya dogo ilikuwa upepo wa ubavuni wa njia ya Masasi. Kila eneo la ubavu linaloongezwa mbele ya chombo humpa kusi mahali pa kukisukuma. Mashindano ya dunia ya pikipiki yaliachana na makava yaliyofunika gurudumu lote la mbele baada ya msimu wa 1957, kwa amri ya FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na kuyumbishwa na upepo wa ubavuni ni miongoni mwa hatari zilizojulikana za makava hayo. Pikipiki ya cc 150 ni nyepesi kuliko nyingi za zile za mashindano ya leo.

Uundaji

Fibaglasi ilichaguliwa badala ya bati la alumini kwa sababu mbili: hukubali umbo lenye mikunjo ya pande mbili, na ikipasuka hutengenezeka na fundi yeyote wa boti katika ukanda huu. Resini na mikeka ya fibaglasi viliagizwa Dar es Salaam, na ndivyo vilivyokuwa sehemu kubwa ya gharama.

Kalibu iliundwa kwa fomu nyeupe inayokuja na maboksi ya friji na televisheni, iliyounganishwa na kuchongwa kwa msumeno mwembamba na msasa. Anayeanza kazi hii anapaswa kujua kwamba resini ya poliesta ina kiyeyusho kinachoila fomu hiyo; ukiimwagia moja kwa moja, kalibu hunywea mbele ya macho yako. Fundi aliifunika kwanza kwa tabaka la jasi, akalisugua, akalipaka rangi, kisha akapaka waksi. Kwa kuwa kilihitajika kipande kimoja tu, hakukuwa na haja ya kutengeneza kalibu ya kike, ile yenye shimo ambamo vipande hulazwa kwa ndani. Mikeka ililazwa juu ya umbo lenyewe, na uso wa nje uliobaki na mikwaruzo ukajazwa kwa puti na kusuguliwa. Kazi ya msasa ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa nafuu kuliko kuunda kalibu mbili.

Mikeka ilikuwa ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka mbili kwa ujumla na nne pale breketi zinaposhika. Hadina, kemikali ya kugandisha resini, ilipimwa kwa bomba la sindano, karibu asilimia moja ya resini, kiwango cha chini kwa sababu ya joto la Mtwara. Resini yenye hadina nyingi mchana wa jua huganda ndani ya kopo kabla mkeka haujalowa, na huacha mapovu na sehemu kavu. Kazi ilifanywa alfajiri, mahali penye kivuli na hewa inayopita, kwa glovu na barakoa. Kava lilipotoka kwenye kalibu na kukatwa kingo lilikuwa na uzito wa takriban kilo mbili.

Kwa kioo Fundi alikataa akriliki, akachagua polikaboneti ya milimita 3, ambayo hukubali kupigwa na jiwe bila kuvunjika vipande. Ina masharti yake. Hunyonya unyevu wa hewa, na ikipashwa joto bila kukaushwa kwanza hutoa mapovu ndani, kwa hiyo ilipindwa baridi kwa mkunjo mpana na kushikwa na bolti. Mdomo wa ukingo, unaodai mkunjo mkali, ulitengenezwa kwa kipande cha pembeni na kufungwa juu yake. Matundu yalitobolewa mapana kuliko bolti na kuwekewa washa za raba, kwa sababu plastiki hii hutanuka juani kuliko chuma, na ikibanwa hupasuka kutokea kwenye tundu. Mkaguzi alikatazwa kuisafisha kwa petroli, tabia iliyozoeleka kwenye vituo vya kuoshea pikipiki, kwa kuwa petroli huichakaza na kuitia nyufa ndogo ndogo. Maji mengi na sabuni hutosha.

Matokeo

Katika safari za kwanza za Mingoyo na Masasi, mtikisiko wa helmeti ulikwisha katika mwendo wake wa kawaida, na ile hisia ya kusukumwa mgongoni haikurudi. Nyuzi zilizobandikwa upya zilionyesha hewa ikipanda kifuani na kupita mabegani kwa utulivu, isipokuwa nje ya kiwiko ambako mvurugiko ulibaki. Alifunga kioo cha helmeti safari nzima kwa sababu hakuwa tena na joto la kumlazimisha kukifungua, na kwa njia hiyo lalamiko la vumbi liliondoka bila kushughulikiwa moja kwa moja. Usukani ulitulia alipopishana na malori. Chombo chenyewe bado huyumba kidogo, hasa nyuma ya lori la tela, na hakuna kava dogo linaloweza kuzuia hilo. Dawa yake ni kuacha nafasi.

Joto la injini lilipimwa kwa mita ya umeme yenye kihisi cha joto, kilichobanwa kwa washa chini ya plagi, kabla na baada ya kufunga kava. Barabarani kwa mwendo wa 70 hakukuwa na tofauti ya kutia shaka. Katika foleni na mwendo wa polepole wa mjini kulikuwa na ongezeko dogo, na magoti yake yalihisi joto zaidi ya zamani, kwa kuwa hewa moto inayopanda kutoka kwenye injini hukutana na kingo za chini za kava na kurudi kwake.

Kasoro tatu zilijitokeza. Mvua ya kwanza ilionyesha kwamba kifuniko cha upenyo, kikifungwa kabisa, hurudisha mtikisiko uleule wa kioo cha kwanza, ingawa kwa kiasi kidogo. Mkaguzi akajifunza kukifunga nusu na kukubali kulowa kifua kidogo. Vidole vya mkono wa kushoto viligusa kava usukani ulipogeuzwa hadi mwisho wakati wa kuegesha, ikabidi ukingo ukatwe. Ya tatu ilikuwa nzito: baada ya miezi kadhaa ulionekana ufa mwembamba kuzunguka bolti ya breketi ya chini, licha ya tabaka nne za mkeka.

Uchambuzi

Kilichofanikisha kazi hii kwa kiasi kikubwa ni kutenganisha swali la hewa na swali la umbo. Kipande cha pipa na nyuzi za sufu viligharimu fedha kidogo sana, na kila kosa lililofanywa juu yake lilirekebishwa kwa mkasi. Kama mikeka ingelazwa kwanza kwa kufuata picha ya simu, urefu wa kioo ungekuwa umeshaamuliwa, na yaliyobaki yangekuwa kutafuta visingizio. Naona pia kwamba Fundi alisaidiwa na kutokuwa fundi wa pikipiki. Hakuwa na umbo la kava kichwani lililomsubiri.

Uamuzi wa upenyo wa chini unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unakwenda kinyume na silika. Mtu aliyechoshwa na upepo hutaka ukuta. Katika nchi ya baridi ukuta huo una faida ya kumhifadhi joto, na makava mengi makubwa ya masafa yameundwa kwa ajili ya watu wa huko, hivyo kuyaiga huku ni kununua suluhisho la tatizo la mwenzako. Huku kwetu ukuta huleta jasho, jasho hufungua helmeti, na helmeti iliyofunguliwa huleta vumbi na wadudu machoni katika mwendo wa 70. Kwa hiyo faraja na usalama vilikutana katika tundu moja la milimita 25. Lililobaki bila jibu zuri ni mvua. Kifuniko cha kuteleza ni suluhisho nusu. Njia bora ingekuwa kuuelekeza mkondo kwa kibanzi kinachotenganisha maji na hewa, kwa kuwa maji ni mazito na hushindwa kukata kona kali ambayo hewa huikata kwa urahisi. Nafasi ndani ya kava hilo haikutosha kuweka kona ya namna hiyo, na mtu atakayeunda jingine aitenge tangu kwenye kalibu.

Ufa wa breketi ulitokana na kufikiria upepo na kusahau injini. Silinda moja hutikisa fremu kwa mapigo ya haraka mfululizo, na breketi ngumu huyapeleka mapigo hayo yote kwenye tundu moja la fibaglasi. Kuongeza tabaka kulifanya sehemu hiyo kuwa ngumu zaidi na kuusogeza ufa pembeni kidogo tu. Raba iliyowekwa ndani ya klampu ililinda rangi ya fremu lakini ilibanwa mno kiasi cha kukosa kucheza. Katika ukarabati, tundu lilipanuliwa, likawekewa pete ya raba ya kupokea bolti, na chuma bapa kikawekwa nyuma ili kutawanya mzigo. Kasoro ya joto la magotini iliachwa. Ingetibika kwa matundu kwenye kingo za chini, lakini matundu hayo yangechukua sehemu ya hewa inayoelekezwa kwenye mapezi, na wote watatu walikubaliana kwamba goti linaweza kuvumilia foleni ya dakika chache kuliko kichwa cha silinda.

Jambo moja halikupimwa ipasavyo, nalo ni abiria. Majaribio yote yalifanywa Mkaguzi akiwa peke yake na mkoba wa nyaraka nyuma. Alipombeba mwenzake kwenda Ndanda, uzito ulishusha sehemu ya nyuma, pua ikainuka, na ukingo wa kioo ukapanda kuelekea kwenye mstari wa macho huku mtikisiko ukirejea kidogo. Matundu ya bolti za kioo yameongezwa safu ya pili, sentimita tatu chini ya ile ya kwanza, naye hushusha kioo kwa spana namba 10 kila anapojua kwamba atakuwa na mtu nyuma.